Jinsi ruwaza zinazotembea zilivyogunduliwa katika Mchezo wa Maisha

MWISHONI mwa miaka ya 1960, kundi la wanahisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, lilizoea kutumia saa za mapumziko kupanga na kupangua kete juu ya ubao wa miraba.

Aliyewaongoza alikuwa John Conway, mzaliwa wa Liverpool. Alikuwa akitafuta kanuni chache na nyepesi ambazo zingezaa mambo mengi yasiyotabirika.

Siku moja mwaka wa 1969, mwenzao Richard Guy, ambaye kazi yake ilikuwa kufuatilia kwa makini mabadiliko ya umbo moja sugu, aliwaita wenzake waje watazame. Kijipande kidogo cha kete kilikuwa kimejitenga na kundi na kilikuwa kikitembea.

Kijipande hicho cha seli tano kilikuja kuitwa glaida, na ndicho kilichofungua uwanja wa utafiti ambao haujafungwa hadi leo.

KANUNI ZENYEWE

Mchezo wa Maisha, kama Conway alivyouita, hauna wachezaji wanaoshindana. Ni otomata ya seli, yaani uwanja wa miraba usio na mwisho ambamo kila mraba ni seli iliyo hai au iliyokufa.

Kila seli ina majirani wanane: wawili ubavuni, mmoja juu, mmoja chini na wanne kwenye pembe. Hatima yake katika kizazi kifuatacho huamuliwa na idadi ya majirani walio hai.

Seli hai yenye majirani hai wawili au watatu huendelea kuishi. Ikiwa na pungufu ya hapo, hufa kwa upweke. Ikizidisha, hufa kwa msongamano. Nayo seli iliyokufa hufufuka ikiwa ina majirani hai watatu kamili.

Wazo la otomata za aina hii halikuanza na Conway. Lilitokana na kazi ya John von Neumann na Stanislaw Ulam nchini Marekani katika miaka ya 1940. Hata hivyo, otomata ya von Neumann ilihitaji seli zenye hali 29, ilhali ya Conway ilitosheka na hali mbili tu.

Ulimwengu mpana uliufahamu mchezo huo Oktoba 1970, wakati Martin Gardner alipoueleza katika safu yake ya jarida la Scientific American.

JARIBU MWENYEWE

Msomaji hahitaji kompyuta ili kuiona glaida. Daftari la hisabati lenye miraba na punje chache za maharagwe zinatosha.

Katika mstari wa kwanza, weka punje kwenye mraba wa pili. Katika mstari wa pili, weka kwenye mraba wa tatu. Katika mstari wa tatu, jaza mraba wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Sasa hesabu majirani wa kila mraba. Kosa la wengi ni kuondoa punje mara tu inapohukumiwa kufa, kwani hesabu ya jirani zake huharibika. Seli zote hubadilika kwa pamoja; kwa hivyo weka alama za penseli kwanza, kisha uhamishe punje baada ya kukamilisha hesabu yote.

Ukikokotoa sawasawa, kizazi cha pili kitakuwa hivi: mstari wa pili una punje kwenye mraba wa kwanza na wa tatu, mstari wa tatu kwenye mraba wa pili na wa tatu, mstari wa nne kwenye mraba wa pili pekee.

Endelea hadi hatua ya nne. Umbo la awali litarejea vilevile, ila litakuwa limesogea mraba mmoja chini na mmoja kulia.

Ajabu ni kwamba hakuna seli iliyohama. Kila moja imebaki mahali pake, ikifa au ikifufuka. Kinachosafiri ni mpangilio, mithili ya uvumi unaotoka kijiji hiki hadi kile ilhali kila msimulizi amebaki kwake.

KASI YA NURU

Kwa kuwa seli huathiriwa na majirani wanaopakana nayo tu, hakuna habari inayoweza kusafiri zaidi ya mraba mmoja kwa kizazi. Wataalamu huita kikomo hicho kasi ya nuru.

Glaida husogea mraba mmoja wa mshazari kila vizazi vinne, hivyo kasi yake ni robo ya nuru. Mnamo 1970 Conway aligundua ruwaza tatu kubwa zaidi, zinazokwenda wima au mlalo kwa nusu ya kasi ya nuru. Ruwaza zote zinazotembea zikapewa jina la vyombo vya angani.

Aidha, Conway alithibitisha kwamba katika uwanja mtupu hakuna chombo kinachoweza kuzidi robo ya kasi ya nuru kwa mshazari, wala nusu yake kwa wima au mlalo.

BUNDUKI YA DOLA 50

Swali lililomtatiza lilikuwa jingine: je, ruwaza yenye seli chache inaweza kukua bila kikomo? Conway alidhani haiwezekani, akaahidi dola 50 kwa atakayethibitisha au kukanusha dhana hiyo kabla ya mwaka wa 1970 kwisha.

Zawadi hiyo ilinyakuliwa Novemba mwaka huo huo na kundi la Bill Gosper katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani. Waliunda bunduki ya seli 36 inayofyatua glaida mpya kila baada ya vizazi 30, milele.

Ugunduzi huo haukuwa wa kujifurahisha tu. Mkondo wa glaida unaweza kuwakilisha ishara, na glaida zinapogongana zinaweza kufutana au kuzaa maumbo mapya. Kwa njia hiyo ilibainika kwamba ndani ya mchezo huu mtu anaweza kujenga kompyuta kamili.

Matokeo yake ni mazito: hakuna kanuni moja inayoweza kupokea ruwaza yoyote na kueleza kwa uhakika kama itakufa au itaendelea milele. Anayetaka kujua hana budi kutazama au kutafuta.

UWINDAJI WA KOMPYUTA

Kutafuta kwa kubahatisha hakufiki mbali. Uwanja wa miraba mitano kwa mitano pekee una mipangilio 33,554,432. Ukiwa wa 10 kwa 10, idadi hiyo ina tarakimu 31, na hakuna mashine itakayoimaliza.

Ndiyo maana wawindaji walibadilisha mbinu. Badala ya kuweka seli na kusubiri, huanza na jibu: wanadai kwamba baada ya idadi fulani ya vizazi, ruwaza lazima iwe ile ile, lakini imesogea. Kisha programu hujaza mstari mmoja baada ya mwingine, na inapokuta mgongano na kanuni, hurudi nyuma kujaribu njia nyingine.

Vilevile, hudai umbo liwe na pande mbili zinazofanana, jambo linalopunguza kazi mno, ingawa huficha ruwaza zisizo na ulinganifu.

Kwa mbinu kama hizo, Dean Hickerson alipata mwaka wa 1989 vyombo vinavyokwenda kwa theluthi na kwa robo ya kasi ya nuru katika njia iliyonyooka. Mnamo 1996, Tim Coe alipata chombo cha humusi ya kasi ya nuru. Naye David Eppstein mwaka wa 2000 alipata kinachosogea miraba miwili kwa vizazi saba.

Wengine walipendelea kujenga kuliko kuwinda. Mwaka wa 2004 Gabriel Nivasch, Jason Summers na David Bell walikamilisha chombo chenye seli zaidi ya milioni 11, kinachosogea miraba 17 kila vizazi 45. Mnamo 2010 Andrew Wade aliunda Gemini, chombo cha kwanza kusafiri kwa pembe isiyo ya mlalo, wima wala mshazari kamili. Kilihitaji vizazi 33,699,586 ili kukamilisha hatua moja.

Hata hivyo, si lazima kikubwa ndicho kiwe cha maana. Mwaka wa 2016, mpenzi mmoja wa mchezo huu alichapisha ruwaza ya seli 28 tu, inayosogea kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya nuru. Ilikuwa imejificha kwa zaidi ya miaka 45 tangu mchezo kutangazwa.

Miaka miwili baadaye, Machi 2018, Adam Goucher, akijenga juu ya kazi ya Tomas Rokicki, alipata chombo kinachosogea kama farasi wa sataranji: miraba miwili upande mmoja na mmoja upande mwingine, kila vizazi sita. Kiliitwa Sir Robin.

URITHI

Guy aliaga dunia Machi 2020 akiwa na umri wa miaka 103. Conway alimfuata mwezi uliofuata, Aprili 11, baada ya kuugua Covid-19 akiwa na umri wa miaka 82. Enzi za uhai wake, Conway alilalamika mara kwa mara kwamba mchezo huo ulifunika kazi zake nyingine za hisabati alizozithamini zaidi.

Pamoja na hayo, somo lake limebaki. Kanuni zote za ulimwengu huu mdogo zaweza kuandikwa nyuma ya bahasha, lakini kuzijua kanuni si kuyajua yote yanayotokana nazo. Glaida ilionekana kwa sababu mtu mmoja alikubali kuhesabu kete kizazi baada ya kizazi pasipo kuchoka.

Wahenga walinena: mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata.