Mahandaki ya Uongo ya Salaita

Vijana wa sekondari wakiniuliza habari za rada isiyorusha mawimbi, siwafungulii kompyuta. Nimekuwa fundi wa redio hapa Taveta tangu enzi za betri kubwa, na kwangu somo hilo linaanzia Salaita, kile kilima kilichosimama peke yake nyikani ukielekea Maktau.

Tarehe 15 Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa ndiyo vimeanza, Wajerumani waliiteka Taveta, wakaweka ngome yao ya mbele Salaita. Waingereza, ili kuwatoa, wakajenga reli kutoka Voi. Ilifika Maktau katikati ya mwaka 1915, na mwanzoni mwa 1916 ikawa Mbuyuni. Nyika yetu haina siri: garimoshi linafuka moshi, maelfu ya askari wanatimua vumbi, ndege zinanguruma. Aliyekaa juu ya kilima hakuhitaji kumtafuta adui. Adui alijitangaza mwenyewe kutwa kucha.

Rada ya kimya hufanya hivyo hivyo. Rada ya kawaida hupiga wimbi ikangoja lirudi, na kwa kupiga huko inajulikana iliko. Ile ya kimya hairushi kitu. Hudokoa mawimbi ya wenzake. Chukua mnara wa matangazo wa Vuria, kule milimani Taita. Ndege ikikatiza angani, sehemu ya mawimbi ya mnara huigonga na kutawanyika. Kipokezi chenye antena mbili kinapokea wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililozunguka kupitia kwenye ndege, kinapima limechelewa kiasi gani na masafa yake yamebadilika kiasi gani, kinajua kuna kitu na kinakwenda kasi gani. Rubani wa ndege ya kivita ana chombo cha kumwonya akimulikwa na rada, lakini hapa atasikia nini? Matangazo ya vifo na salamu za wasikilizaji.

Wala si jambo la jana. Februari 1935, huko Daventry Uingereza, Robert Watson-Watt alionyesha kuwa mawimbi ya kituo cha BBC yanaweza kufichua ndege ya kivita. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani wakaunda Klein Heidelberg, mtambo uliokaa kimya ng'ambo ya bahari ukila mawimbi ya rada za Waingereza wenyewe. Nasi pwani yetu ilishaonja utamu wa kusikiliza: Aprili 1915 meli Rubens ilikuja na shehena ya Wajerumani, mawasiliano ya redio yakanaswa, na manowari ya Waingereza Hyacinth ikaiwahi Manza, kaskazini ya Tanga.

Sasa, msikilizaji asiyesema unapambana naye vipi? Huwezi kumvuruga kwa mawimbi kama hujui amekaa wapi, labda uvuruge eneo zima, na hapo umejitangaza tena. Unaweza kuzima minara, kama ni yako. Unaweza kuruka chini, mlima ukukinge. Au umwonyeshe kitu cha uongo.

Hilo la mwisho ndilo lililotumika Salaita, ila walioonyeshwa uongo walikuwa Waingereza. Tarehe 12 Februari 1916 Jenerali Malleson alipeleka kikosi cha zaidi ya watu 6,000, wakiwamo wageni wengi kutoka Afrika Kusini, akiamini kilima kina walinzi kama 300. Mizinga ilitwanga mahandaki yaliyoonekana wazi juu kileleni. Yalikuwa mahandaki ya bure. Yenyewe hasa yalichimbwa chini, miguuni mwa kilima, yakafunikwa na vichaka, na ndani walikuwamo zaidi ya elfu moja wenye bombomu. Walinyamaza mpaka wageni wakakaribia. Wa Afrika Kusini zaidi ya 130 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, na waliookoa mambo ni Wabaluchi wa jeshi la India, ambao baadhi ya hao wageni walikuwa wakiwadharau. (Mimi sehemu hiyo huisimulia bila haraka.)

Wazee husimulia pia habari za mbuyu wa upande wa Maktau ambamo inasemekana mwanamke wa Kijerumani alijificha akidungua askari. Siwezi kuapia hadithi hiyo, lakini mantiki yake naikubali: alikuwa salama mpaka risasi ya kwanza.

Baada ya wiki chache akaja Jenerali Smuts, kamanda mpya wa Waingereza, na yeye hakuhangaika kuyatafuta mahandaki. Usiku wa tarehe 7 Machi alimtuma Jenerali van Deventer na wapanda farasi wake wazunguke kaskazini hadi ziwa Chala, nyuma ya Salaita. Mafundi wa rada wanaijua hesabu hiyo: kipokezi cha kimya hutegemea mahali kilipo na mahali mnara ulipo, na anayejua mpangilio huo hupita pale kinapopima vibaya. Tarehe 9 mizinga ilitwanga tena Salaita, askari wakapanda, wakakuta Wajerumani wameshaondoka. Kesho yake Taveta ikawa mikononi mwa Waingereza.