Magetha: Sikukuu ya Mavuno Thika, Kutoka Ghala la Uwele hadi Kiandutu

Makanisa ya Thika na vitongoji vyake yana Jumapili moja ya mwaka ambayo mbele ya madhabahu hufanana na soko. Mikungu ya ndizi huegemezwa ukutani, kuku hulala wamefungwa miguu, na magunia ya mahindi husimama kando ya mafurushi ya sukumawiki. Baada ya sala vitu hivyo hunadiwa kimoja kimoja. Wakikuyu huiita siku hiyo magetha, yaani mavuno. Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio pembeni mwa mji huo, umejaa watu wasio na hata kipande cha shamba, na bado siku ikifika nao huja na kitu mkononi. Namna watu wasiolima walivyofika kusherehekea mavuno ni historia ndefu, wala haikuanzia kanisani.

Kabla ya miaka ya 1890, mwaka katika matuta yaliyo juu ya mito Chania na Thika ulihesabiwa kwa chakula. Mvua ndefu ilileta kimera kia njahi, msimu wa ile kunde nyeusi yenye mstari mweupe ambayo hadi leo hupikiwa mama aliyejifungua. Mvua fupi ilileta kimera kia mwere, msimu wa uwele. Uwele ulipokaribia kuiva, vijana walikaa juu ya vichanja wakifukuza ndege. Ulipoiva, wanawake waliukata masuke na kuujaza katika maghala, kila mke na ghala lake. Palikuwa na ibada za kupanda, za kutakasa mazao na za kuvuna, na wazee walimtolea Ngai, yaani Mungu, kondoo chini ya mti wa mugumo. Ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo. Hata hivyo asiye na ardhi hakukosa pa kulima: alibisha hodi kwa mwenye nayo akapewa sehemu, akaitwa muhoi, mwombaji. Hakutoza kodi mwenye ardhi, ila muhoi alimpelekea pombe na kitu cha shamba kwa heshima. Naomba msomaji amkumbuke muhoi huyu, kwa maana historia nzima ya magetha inapita mlangoni kwake.

Muongo wa mwisho wa karne ya 19 uliuvunja mpango huo. Sotoka iliua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kisha mvua zikakatika, ndui ikaingia, na kati ya mwaka 1898 na 1900 ikaja njaa ambayo Wakikuyu waliipa jina Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya. Katika miaka hiyohiyo alifika mdudu asiyejulikana hapo awali. Funza, aliyevuka bahari kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, alikuwa amepenya bara zima hadi Afrika Mashariki kabla ya karne kwisha. Kwa Kikuyu anaitwa ndutu, na jina la Kiandutu limetokana naye. Familia zilizonusurika zilikimbilia kwa jamaa, na mashamba mengi ya kusini yakabaki vichaka.

Vichaka hivyo ndivyo wageni wa Kizungu walivyovikuta wakavidhania ardhi isiyo na wenyewe. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 ikampa mlowezi hati. Mwaka 1908 hoteli ya Blue Posts ilijengwa penye maporomoko ya Chania na Thika, kituo cha mapumziko kwa wasafiri wa kati ya Nairobi na Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo. Mwaka 1913 njia ya reli ikafika Thika. Mkonge na kahawa vikajaa uwandani. Mazao yote mawili hayaliwi, na kwangu hapo ndipo pana pigo lenyewe: kwa mara ya kwanza ardhi hiyo ilivunwa kila mwaka bila jungu kupikwa.

Wamisionari walikuja na sikukuu yao ya mavuno, nayo haikuwa ya kale kama wengi wanavyodhani. Ilianzishwa mwaka 1843 na kasisi Robert Hawker wa Morwenstow, kijiji cha Cornwall nchini Uingereza, alipowaita waumini wake kanisani wakati wa vuno kumshukuru Mungu kwa mkate wa nafaka mpya. Desturi hiyo ilienea katika Kanisa la Anglikana na kuja na wamisionari wake hadi Kabete na Murang'a mwanzoni mwa karne ya 20. Uingereza sikukuu hiyo huadhimishwa mwezi Septemba, majani yakianza kunyauka. Huku kwetu, penye misimu miwili, kila parokia ikajichagulia Jumapili yake. Watu waliipokea kwa wepesi kwa sababu walikuwa na neno lake tayari, magetha.

Kati ya vita viwili vikuu kilichobadilika ni chungu. Wafanyakazi wa mashamba ya walowezi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa posho, unga wa mahindi, na mahindi meupe yakausukuma uwele pembeni. Serikali ilihimiza maharagwe yenye soko ng'ambo, njahi ikarudi nyuma. Githeri tunayoiita ya jadi, ya mahindi na maharagwe, ni ya kizazi hicho; ajabu ni kwamba msimu wa vuli uliendelea kuitwa wa mwere na watu ambao hawakuwa wakipanda mwere tena. Baada ya mgogoro na misheni kuhusu tohara ya wasichana mwaka 1929, Wakikuyu wengi waliziacha na kuanzisha makanisa yao huru. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta, mzaliwa wa upande wa Gatundu, alichapisha London kitabu chake Facing Mount Kenya, chenye maelezo ya sherehe za kupanda na kuvuna. Aliziandika wakati maghala yalikuwa yamekwisha kubadilika ndani.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952 ili kukabili uasi. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni 1 walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mahandaki, wakaruhusiwa kwenda shambani kwa saa chache tu. Wakati huohuo mashamba yaliunganishwa na kuandikiwa hati, na sheria mpya haikumtambua muhoi. Akatoka bila pa kurudi. Wengi wa watu wa aina yake walielekea mijini.

Thika ilikuwa ikiwangoja. Kenya Canners ilikuwa imeanza kusindika mananasi mwishoni mwa miaka ya 1940, na katika miaka ya 1960 kampuni ya Kimarekani ya Del Monte ikaichukua. Mashamba yake yakaenea hadi upeo wa macho. Viwanda vya nguo, makopo na mafuta ya kula vikafuata. Kibarua alihitaji pa kulala karibu na lango la kiwanda, na mabanda ya Kiandutu yakaongezeka. Mwaka 1984 ukame ulipoleta mahindi ya manjano kutoka Marekani, mkazi wa banda na mkulima wa kijijini walipanga foleni ya unga uleule. Barabara kuu mpya ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, na tangu hapo mashamba mengi ya kahawa, hasa upande wa Ruiru, yamegeuka viwanja vya nyumba.

Leo Kiandutu mahindi hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa takriban kilo 2, na githeri hununuliwa ikiwa imeshachemka, kwa sababu makaa ya kuichemsha kutwa nzima ni ghali kuliko punje zenyewe. Ikifika Jumapili ya magetha, wa shamba huleta mkungu, wa mtaa huleta pakiti ya unga wa dukani, au sukari, au noti iliyokunjwa. Wapo wanaosema hayo si mavuno. Mimi nasema ni malimbuko ya kweli: muhoi alipeleka alichokipata kwa jasho lake, na kibarua hufanya hivyohivyo, japo pakiti yake imetoka kwenye mshahara. Mnada ukianza, pakiti hiyo hunyanyuliwa pamoja na jogoo na mkungu. Bei hupanda hadi mara tano ya ile ya dukani, mtu huilipa, na mara nyingi humrudishia bibi kizee aliyeileta aende akapikie wajukuu.