Saratani ya utumbo mpana ikifika kwenye uboho: Kwa nini damu haikai?

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anaongezewa damu, anapata nguvu, baada ya siku chache yuko palepale. Nyumbani wanamchemshia rozela, wananunua vidonge vya kuongeza damu. Kumbe wakati mwingine shida iko ndani ya mifupa.

Uboho, au uloto kama wengine wanavyouita, ndio kiwanda cha damu. Humo hutengenezwa chembe nyekundu, chembe nyeupe za kupambana na maradhi, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Seli za saratani zikijazana humo, kiwanda kinazidiwa. Mgonjwa anachoka kupita kiasi, homa haziishi, fizi au pua zinatoka damu, ngozi inavilia damu bila kugongwa popote. Wengine huumwa mgongo au nyonga mpaka usingizi unakata.

Hali hii hutokea kwa nadra. Damu itokayo kwenye utumbo hupitia kwanza kwenye ini, ndiyo maana ini huvamiwa zaidi, kisha mapafu. Ikifika kwenye uboho, mara nyingi ugonjwa umeshasambaa kwingine.

Wengi huchanganya hapa: hii siyo saratani ya damu. Seli ni zilezile za utumbo, na dawa ni za saratani ya utumbo.

Kuigundua si rahisi, maana damu hushuka pia kwa sababu uvimbe unavuja, au kwa sababu ya dawa za kemo zenyewe. Kinachomaliza ubishi ni kipimo cha uboho. Daktari anapiga ganzi, anaingiza sindano nene nyuma ya mfupa wa nyonga, anavuta majimaji na kuchukua kipande kidogo. Ule wakati wa kuvuta unauma kweli, ila ni muda mfupi.

Kwa kawaida matibabu hayaondoi ugonjwa kabisa katika hatua hii. Kemo inaweza kuurudisha nyuma, lakini nayo hushusha damu, hivyo dozi hupangwa kwa uangalifu. Mgonjwa huongezewa damu au chembe sahani, na maumivu hutulizwa kwa dawa, ikiwemo mofini.

Akiwa kwenye kemo akapata homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kliniki. Na msimnunulie aspirini au diklofenaki bila kumuuliza daktari, zinaweza kuzidisha kutoka damu.