Ramani ya ngome ya Kiskoti

Ramani ya ngome ya Kiskoti ni uwanja wa mchezo wa kompyuta wa kufyatua risasi wenye sura ya Uskoti wa Zama za Kati. Huujenga shabiki kwa mapenzi yake, wala si kampuni iliyotunga mchezo.

Ufundi wa kujenga ramani hizi ulishamiri na Doom, mchezo uliotolewa na id Software ya Marekani tarehe 10 Desemba 1993. Mtunzi wa programu yake, John Carmack, aliziweka ramani, picha na sauti katika faili la WAD, mbali na programu yenyewe, ili watu wa nje wabadilishe yaliyomo bila kuigusa. Mwanzoni mwa 1994 mashabiki walikwisha kutengeneza kihariri chao cha ramani, DEU. Lakini Doom haikuruhusu chumba kukaa juu ya chumba kingine, na ngome isiyo na mnara wa ghorofa ni ua tu. Kikwazo hicho kiliondoka Juni 1996 kwa Quake, mchezo uliokuja na kuta za mawe na wapiganaji wenye deraya na panga.

Ngome huufaa sana mchezo wa namna hii, maana waashi wa kale walijiuliza maswali yaleyale ya mjenzi wa ramani: adui aingie wapi, aonekane kutoka wapi, acheleweshwe wapi. Ngome ya Caerlaverock, karibu na Dumfries huko Uskoti, inafaa kuchunguzwa kwa makini na kila mjenzi. Ilijengwa katika karne ya 13, ina pembe tatu na handaki la maji pande zote, na lango lake limebanwa na minara miwili. Julai 1300 Mfalme Edward I wa Uingereza aliizingira kwa jeshi kubwa. Waliokuwa ndani walikuwa takriban 60 tu.

Umbo la ngome huisaidia hata kompyuta. Ramani ya Quake hukokotolewa mapema ili ijulikane mahali gani panaonekana kutoka wapi, na mashine isichore kila kitu kwa wakati mmoja. Ua mpana ulizielemea kompyuta za 1996, ilhali ngazi za mzunguko na vijia vyenye kona vilizipunguzia kazi. Kuta nazo sharti zizibwe kabisa: ukibaki upenyo mmoja kuelekea utupu wa nje, hesabu hiyo hukwama mpaka mjenzi auone na kuuziba.

Vipimo halisi, hata hivyo, havifai kunakiliwa. Ngazi za mnara wa kweli humtosha mtu mmoja anayepanda polepole, na mchezaji wa Quake hukimbia kwa kasi kubwa. Mjenzi mzuri huzipanua na kuinua dari bila kuipoteza ile hali ya kubanwa.

Kosa baya zaidi ni kuiga filamu na kuiacha historia. Braveheart ya 1995 ilionyesha pigano la Stirling bila daraja, wakati daraja hilo jembamba la mbao ndilo lililowapa ushindi viongozi wa Waskoti, William Wallace na Andrew Moray, tarehe 11 Septemba 1297: Waingereza walivuka wachache wachache, wakashambuliwa kabla wenzao hawajafika. Anayeliacha daraja ameliacha pigano lenyewe. Kilti, lile vazi la Kiskoti, nayo ilianza kuvaliwa katika karne ya 16, muda mrefu baada ya Wallace. Mzinga, kinyume chake, una haki ya kuwekwa katika ramani ya karne ya 15. Mons Meg, uliotengenezwa 1449 na kupelekwa kwa Mfalme James II wa Uskoti mwaka 1457, ungali katika ngome ya Edinburgh. Mfalme huyo aliuawa 1460 na mzinga wake mwingine uliopasuka alipoizingira ngome ya Roxburgh.

Msimbo wa Quake ulifunguliwa kwa umma Desemba 1999, na kihariri cha TrenchBroom, kinachopatikana bila malipo, bado hutumika kujenga ramani mpya za mchezo huo.