Kimea Sokoni, Sheria Jikoni

Bia hupikwa kwa chakula. Shayiri, mtama, ulezi, ndizi, sukari na hamira huuzwa mchana kweupe kwa yeyote mwenye fedha, na hakuna mtawala awezaye kuviondoa sokoni bila kuwatia watu wake njaani. Ndiyo maana tangu zama za kale wenye mamlaka wamehangaika na swali moja: sheria imkamate nani? Muuza nafaka, muuza vyombo, au mama aliye jikoni kwake? Kila jibu limebadilisha namna watu wa kawaida walivyopata kimea na vyombo vya kupikia.

Utenzi wa kumsifu Ninkasi, mungu wa bia wa Wasumeri, uliandikwa kwenye kibao cha udongo yapata mwaka 1800 KK, nao unapitia hatua za upishi moja baada ya nyingine, kuanzia kulowekwa kwa nafaka hadi kuchujwa kwa kinywaji. Muda si mrefu baadaye, sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli zikamtaja mwanamke mwenye kilabu. Akikataa kupokea nafaka kuwa malipo ya bia, akadai fedha kwa mizani iliyozidishwa, adhabu yake ni kutupwa majini. Kwa hiyo mteja alikuwa na haki ya kulipia bia kwa kitu kile kile kilichotumika kuipika. Mihuri ya Mesopotamia inaonyesha watu wakinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, kama walivyofanya wazee wa magharibi mwa Kenya walipouzunguka mtungi wa pombe ya busaa.

Kwetu Afrika Mashariki kiungo kinachobeba kazi nzima ni kimea cha ulezi, au wimbi kama wasemavyo Wakenya. Nafaka hulowekwa, hufunikwa ikiwa na unyevu hadi ichipue, kisha huanikwa juani na kusagwa. Kuchipua huko huamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Ikiota kidogo mno haina nguvu. Ikiachwa mno huoza. Ndiyo sababu muuza kimea mwenye mkono mzuri hutafutwa.

Wachaga hupika mbege kwa kuchanganya uji wa kimea cha ulezi na ndizi zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, na gome la msesewe huipa pombe hiyo uchungu wake, kazi ambayo Ulaya iliachiwa maua ya hopsi. Katika busaa, unga wa mahindi hukandwa, huachwa uchachuke kwa siku kadhaa, hukaangwa juu ya bati, ndipo hutiwa maji na kimea. Wakikuyu walitumia tunda lililokaushwa la mratina, ambalo nyuzi zake hubeba hamira kutoka pombe moja hadi nyingine. Vyombo navyo vilikuwa mtungi, kibuyu, kata na chujio, baadaye pipa la bati. Ni vyombo vya nyumba yoyote. Hakuna aliyeweza kumtazama mama akitoka sokoni navyo akasema kwa hakika kwamba anaenda kupika pombe.

Wakoloni wa Kiingereza walilijua hilo, kwa hiyo wakaifuata pombe yenyewe. Mjini Nairobi, katika miaka ya 1920, baraza la mji lilijipa peke yake haki ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, Pumwani pakawa mahali pake, na wanawake waliokuwa wakiishi kwa kupika majumbani wakageuzwa wahalifu. Wimbi liliendelea kuuzwa. Hiyo ilikuwa dhuluma ya wazi: riziki ya mwanamke ilichukuliwa, kisha faida yake ikaingia katika hazina ya waliomnyang'anya.

Waingereza hao hao, nyumbani kwao, walikuwa wamefuata njia nyingine kabisa. Kuanzia mwaka 1697 serikali yao ilikitoza kodi kimea chenyewe, ikaidai kwa mtengenezaji kabla hakijafika kwa mnunuzi. Mke wa kibarua aliyenunua gunia la kimea alikuwa ameshailipa kodi ndani ya bei, na hakuna ofisa aliyehitaji kumgongea mlango. Lakini bei ilimuumiza. William Cobbett, mwandishi aliyewatetea sana wakulima maskini, aliliona hilo. Kitabu chake cha Cottage Economy, kilichotoka mwaka 1821 na 1822, kinaanza na upishi wa bia. Humo anaorodhesha vyombo ambavyo familia ya kibarua inapaswa kuwa navyo, anapiga hesabu ya gharama zake, na anailaumu kodi ya kimea na ya hopsi kwa kuzima moto wa majiko ya vijijini na kuwaachia watu chai, kinywaji alichokichukia. Kati ya maandishi yote niyajuayo kuhusu kununua vifaa vya kupikia bia, hayo ndiyo yenye moyo zaidi, kwa kuwa Cobbett alihesabu kila senti kwa niaba ya mtu asiye nayo.

Wakati huo viwanda vilikuwa vimeshapata silaha mbili ambazo jiko la kijijini halikuwa nazo. Ya kwanza ni kipimajoto. Kimea hutaka maji ya nyuzi 65 hivi za selsiasi; yakizidi sana vimeng'enya hufa, yakipungua havifanyi kazi ipasavyo. Wapishi wa zamani walisubiri mvuke upungue mpaka mtu aone sura yake majini. James Baverstock, kijana wa familia ya wapika bia, alianza kutumia kipimajoto katika miaka ya 1760, na inasemekana alimficha baba yake, aliyekuwa hataki mambo mapya. Silaha ya pili ni haidromita, ambayo maofisa wa ushuru waliitumia kupimia vileo vikali. John Richardson aliirekebisha kwa ajili ya bia akachapisha matokeo yake mwaka 1784. Leo vyombo hivyo viwili ndivyo vya kwanza kutajwa kwa anayeanza kupika nyumbani.

Mwaka 1880 waziri mkuu wa Uingereza, Gladstone, aliifuta kodi ya kimea, akaihamishia kwenye bia. Wakulima wa shayiri walishangilia. Kwa mpishi wa nyumbani, hata hivyo, mambo yaligeuka: serikali sasa ilihitaji kujua nani anapika, kwa hiyo akatakiwa kuwa na leseni. Hali ilikaa hivyo hadi mwaka 1963, waziri wa fedha Reginald Maudling alipoondoa sharti hilo. Biashara ikafunguka mara moja. Maduka ya dawa ya Boots yakauza vifurushi vyenye kimea na hopsi, na Dave Line, katika kitabu chake cha mwaka 1974, akawafundisha Waingereza kupika kwa nafaka halisi wakitumia vyombo vya kawaida vya nyumbani.

Marekani ilijaribu kukamata kila kitu kwa pamoja. Vileo vilipopigwa marufuku mwaka 1920, viwanda kama Anheuser-Busch na Pabst viligeukia kuuza shira ya kimea katika makopo, nyingine ikiwa imetiwa hopsi, kwa jina la kiungo cha kuokea mikate. Mikate ya hopsi! Kila mtu alijua. Mnunuzi alichanganya kopo hilo na sukari, maji na hamira ya mkate, akaacha mchanganyiko uchachuke katika chungu cha kauri, akajaza chupa na kubana vizibo kwa mkono, na mara kwa mara chupa zikapasuka usiku. Sheria ilikataza pia kuuza vyombo vilivyokusudiwa kutengenezea kileo, na mwaka 1930, katika kesi ya Danovitz, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mapipa, chupa, vizibo na hata lebo vingeweza kutaifishwa vikiuzwa kwa namna ya kuwavuta wapika pombe haramu.

Marufuku iliondolewa mwaka 1933. Divai ya nyumbani ikaruhusiwa, bia ikaachwa nje. Kwa miaka 45 mtu aliweza kununua kopo la kimea dukani kihalali, kisha akavunja sheria ya shirikisho kwa kulichachusha. Rais Jimmy Carter alitia saini mabadiliko Oktoba 1978: mtu mzima mmoja galoni 100 kwa mwaka, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, yaani karibu lita 760.

Maduka hayakuwa yamesubiri saini hiyo. Mwaka 1976 Ken Grossman alifungua duka la vifaa vya kupikia bia na divai katika mji wa Chico, California. Alijua hopsi na kimea kwa sababu alikuwa akiviuza na kuvipima kila siku. Miaka michache baadaye alianzisha kiwanda cha Sierra Nevada kwa matangi ya zamani ya maziwa, akapika bia yenye hopsi za Cascade, aina iliyotolewa mwaka 1972 na watafiti wa kilimo wa serikali. Serikali ile ile iliyokataza jiko ilikuwa imelipatia kiungo bora. Majimbo nayo yaliendelea kujiamulia: Alabama na Mississippi, ya mwisho kabisa, yaliruhusu kupika bia nyumbani mwaka 2013.