Sataranji kwa mtu wa drafti: usile kila unachopewa

Leo tuongee sataranji, wengine wanaita chesi. Kuna washkaji wengi ni wakali wa drafti na bao pale kijiweni, lakini wakikaa kwenye sataranji wanapigwa kama ngoma. Akili wanazo, ila wana ugonjwa mmoja, nao una dawa.

UGONJWA WENYEWE

Kwenye drafti kula ni lazima. Kwenye bao pia: ukiweza kula, huruhusiwi kutakata. Kwa hiyo mkono wako umezoea kwamba ukiona cha kula, unakula. Sataranji haiko hivyo. Unachotakiwa ni kumwokoa mfalme wako akitishwa, na kula ni hiari yako. Ukisahau hilo, kila anayekujua atakuwekea chambo.

ANGALIA MFANO HUU

Safu zina herufi a mpaka h, mistari ina namba 1 mpaka 8. Kete ni mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Panga ubao ufuate:

1. Mweupe: askari e4. Mweusi: askari e5.
2. Mweupe: farasi f3. Mweusi: askari d6.
3. Mweupe: askofu c4. Mweusi: askofu g4.
4. Mweupe: farasi c3. Mweusi: askari g6.
5. Mweupe: farasi wa f3 anakula askari wa e5. Malkia wake kabaki wazi!

Hapa mtu wa drafti anaruka kwenye kiti. Malkia wa bure! Anakula kwa askofu wake, d1. Kinachofuata:

6. Mweupe: askofu anakula f7, mfalme anatishwa. Mweusi hana pa kwenda ila e7.
7. Mweupe: farasi wa c3 anaruka d5. Mfalme kafungwa, mchezo umeisha.

Mweusi ana malkia wawili mkononi kwa hesabu yake, wa kwake na wa kula, halafu kashindwa. Mtego huu unaitwa kwa jina la Legall, Mfaransa wa karne ya 18. Na Mweusi angeacha malkia, akamla farasi wa e5 kwa askari wa d6, angepoteza askari mmoja tu kwa sababu malkia angemla askofu wa g4. Hasara ndogo, mchezo unaendelea.

USHAURI, WA KWELI NA WA UTANI

1. Kabla ya kula jiulize: kwa nini ananipa? Mpinzani wako siyo mjomba wako. Ni kama ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Usipojiuliza, umeliwa.

2. Jua bei. Askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Kutoa ngome upate farasi ni kuuza ng'ombe ununue mbuzi. Mfalme hana bei, akifungwa umekwisha hata kama una mali yote.

3. Toa farasi na maaskofu nje mapema, pigania katikati, halafu mfiche mfalme pembeni pamoja na ngome. Malkia kumtoa hatua ya pili ni kumtuma bibi harusi sokoni kabla ya ndoa. Kila mtu atamkimbiza.

4. Ukigusa umecheza, ndiyo sheria ya mashindano. Kete siyo parachichi za kupapasa papasa. Kalia mikono yako kwanza.

5. Yule anayesimama nyuma yako akisema "kula! kula!" mwambie akanunue chai.

6. Andika michezo yako kwenye daftari, hasa uliyofungwa. Tafuta hatua moja tu ambapo mambo yaliharibika. Mchezo mmoja uliouchambua unafundisha kuliko kumi ya dakika 3 unayocheza kwa hasira. Chagua ya dakika 15 au zaidi.

7. Jifunze mwisho wa mchezo: mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme peke yake. Wengi wana faida halafu hawajui kumalizia.

8. Usiweke dau. Ukicheza kwa hela utacheza kwa woga, na nauli ya kurudi nyumbani itakuwa ya mtu mwingine.

HUNA UBAO?

Ubao wa drafti wa miraba 64 unatosha, mradi kona ya kulia kwako iwe nyeupe. Kete tengeneza kwa vizibo vya soda, andika herufi juu. Ukiwa kafe ingia lichess.org, ipo tangu 2010, ni bure na haina matangazo. Fanya mafumbo dakika 20, kisha mchezo mmoja mrefu.

Na usiseme ni mchezo wa matajiri. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alianza kwa kocha Robert Katende ambako watoto walikuwa wanapewa uji. Mwaka 2012 alikwenda Olimpiadi ya Istanbul akarudi na cheo cha chama cha dunia, FIDE. Filamu yake ilitoka 2016.

Mtu wa bao una mtaji tayari. Bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina kete 32 na miraba 64. Kuhesabu mbele unajua. Mzungu Burton alipopita 1857 na msafara, wakitoka lile pori la Mgunda Mkali, aliandika kwamba jina Tura maana yake ni "tua", yaani weka mzigo chini. Basi na wewe tua mzigo wa kula kula ovyo, halafu ndiyo ukae ubaoni.

Mnaopinga kuhusu namba 8, najua mpo. Karibuni.