Fahamu: Nchi zinavyoshirikiana dhidi ya ugaidi, na kwa nini Gando inahusika

Gando ipo Wilaya ya Wete, Kaskazini Pemba, upande unaotazama Mkondo wa Pemba. Wavuvi wa Pemba wamezoea kwenda dago, yaani kupiga kambi ufukwe wa mbali msimu mzima, hadi pwani ya Kenya. Ukiwa na chombo na upepo mzuri, mpaka hauonekani.

Ndiyo maana habari hii si ya Ulaya na Marekani tu.

Yote yalianzia wapi?

Agosti 7, 1998, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, karibu kwa wakati mmoja. Watu 224 walifariki, 11 kati yao Dar es Salaam. Wengi walikuwa Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia tu.

Wazanzibari wawili walikuja kuhukumiwa New York. Kesi zao zinaonesha ushirikiano unavyofanya kazi, na unavyoweza kuharibika.

Kesi ya kwanza: Cape Town

Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, akakabidhiwa kwa Wamarekani haraka haraka. Mei 2001, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema serikali ilivunja katiba. Kwa nini? Haikudai kwanza ahadi kwamba hatanyongwa.

Baraza la wazee wa mahakama New York halikukubaliana kuhusu adhabu ya kifo. Akapewa kifungo cha maisha.

Kesi ya pili: Pakistan

Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Akawekwa kwenye magereza ya siri ya CIA, akapelekwa Guantanamo 2006, kisha New York 2009.

Hapo jaji akamkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, kwa sababu alipatikana kupitia mahojiano ya kulazimisha. Mwisho wa siku, kati ya mashtaka 285, Ghailani alikutwa na hatia kwenye moja tu. Hilo moja lilitosha kumfunga maisha, lakini somo lilibaki: ushahidi wa mateso unaweza kuwaponyoka waendesha mashtaka mahakamani.

Leo nchi zinashirikianaje?

• Sheria: Baada ya Septemba 11, 2001, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 1373, linalozitaka nchi zote kuzuia fedha za ugaidi na kubadilishana taarifa. Tanzania ikatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi 2002, inayotumika Bara na Zanzibar.

• Polisi: Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao, EAPCCO, unaofanya kazi na ofisi ya Interpol iliyopo Nairobi.

• Fedha: Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia fedha haramu. Ilitolewa Juni 2025. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje huweza kuchunguza zaidi miamala yake, hata ya mtu anayemtumia mama yake pesa kutoka Muscat.

• Mpakani: Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka Mto Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa nchi hizo mbili walikubaliana kufanya operesheni za pamoja. Tanzania pia ilipeleka askari kwenye kikosi cha SADC kilichokuwa Msumbiji kuanzia 2021 hadi 2024.

Na haki za watuhumiwa?

Hapa ndipo Zanzibar ina kumbukumbu chungu. Masheikh wa Uamsho walishtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014. Wakakaa mahabusu karibu miaka saba bila kesi kumalizika. Juni 2021 mashtaka yalifutwa, wakarudi nyumbani. Walikuwa hawajakutwa na hatia.

Kwa nini hili ni muhimu kwa usalama? Kwa sababu polisi hawawezi kulinda kila diko. Anayeona chombo kigeni usiku ni mvuvi. Anayejua kijana wa mtaani kaanza kushawishiwa na watu wa mtandaoni ni mama yake au mwalimu wake wa madrasa. Kama wanaogopa kwamba kusema kutamfanya mtoto apotee miaka saba bila hukumu, watanyamaza.

Kwa anayesafiri kwa chombo

Nahodha anayekwenda dago Kenya anatakiwa kuwa na hati za kusafiria za kila aliyemo chomboni, na kuripoti anapofika. Abiria asiyejulikana na mzigo usio na mwenyewe ni bora kubaki ufukweni, hata kama nauli ni nzuri. Upande wa pili wa maji, maelezo ya "sikumjua" hayamsaidii sana mwenye chombo.